Padre wa Warusha Mabomu





Sisi wa Temeke hatuhitaji kuelezwa sana maana ya bomu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la kambi ya Mbagala lililipuka, makombora yakaangukia nyumba za watu, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Ile ilikuwa ajali. Leo twasema juu ya mabomu yaliyodondoshwa kwa makusudi, na juu ya padre aliyewahudumia waliokwenda kuyadondosha.

Mwaka 1945 Wamarekani walikuwa na ndege kubwa ya vita iitwayo B-29. Kwa kawaida ilichukua watu 11: marubani, msoma ramani, mlenga mabomu, fundi wa injini, mtu wa redio, wapiga bunduki. Wengi walikuwa vijana sawa na wanakwaya wetu. Kutoka visiwa vya Mariana hadi Japani na kurudi walikaa angani kama saa 15 juu ya bahari tupu, na injini zile zilikuwa na ugonjwa wa kushika moto. Hatuwadharau, waliogopa, wakaenda. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi ndege hizo zipatazo 280 ziliuchoma mji wa Tokyo, wakafa watu karibu 100,000, wengi wao raia. Na kila kijana ndani ya ndege alikuwa ametimiza kazi yake ndogo tu: huyu alisoma ramani, yule alichunga injini.

Tarehe 6 Agosti, siku Kanisa linapoadhimisha Bwana kugeuka sura, B-29 moja ilitoka kisiwa cha Tinian ikadondosha bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Waliochimba mawe yale walikuwa Waafrika, watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Padre George Zabelka alijua zaidi yao. Alikuwa padre wa jeshi pale Tinian, akiwaadhimishia Misa na kuwaungamisha wanajeshi Wakatoliki, wakiwamo wa kikosi kilichobeba mabomu ya atomiki. Siri ya bomu lenyewe hakuwa nayo, lakini habari za miji kuchomwa pamoja na watoto wake zilimfikia. Hakuhubiri neno hata moja kupinga jambo hilo. Baada ya miaka mingi alikiri hadharani kwamba kule kunyamaza kulikuwa dhambi yake, na katika miaka ya 1980 alikwenda Japani kuomba msamaha. Alifariki mwaka 1992.

Na bomu la pili? Tarehe 9 Agosti ndege ilikusudia mji wa Kokura, ikaukuta umefunikwa na mawingu na moshi, ikageukia Nagasaki. Saa tano na dakika mbili asubuhi bomu lililipuka juu ya Urakami, mtaa wa Wakatoliki ambao babu zao walitunza imani kwa siri zaidi ya miaka 200 bila padre. Katika kanisa kuu mapadre walikuwa wakiungamisha waamini, kujiandaa kwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Wote waliokuwamo walikufa. Rubani wa ndege ile, Charles Sweeney, alikuwa Mkatoliki pia.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba kuangamiza mji mzima pamoja na wakazi wake ni kosa la jinai dhidi ya Mungu na dhidi ya binadamu. Twalifundisha hilo seminarini bila shida, kwa kuwa Japani ni mbali.

Lakini hapa mitaani kwetu, kijana akiitiwa mwizi, mmoja huleta tairi, mwingine mafuta, mwingine kiberiti, na wengine hutazama. Jioni hakuna aliyeua. Jumapili twawapa Komunyo. Sisi mapadre tumebariki bajaji, maduka na visima vya parokia hii. Juu ya vijana wale mahubiri yetu yamekuwa machache mno, na mengine tuliyaahirisha kwa kuogopa maneno ya watu.

Basi tunaomba kila Jumuiya ikusanye majina ya waliouawa hivyo mtaani mwake, hata kama ni jina la utani tu, na kuyaleta ofisini kabla ya tarehe 9 Agosti. Siku hiyo tutayasoma altareni.