Ufunguo wa Akaunti Yako Anao Nani?

(Mazungumzo na vijana wa Bulwa, Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza)

Msomaji ambaye hukuwa nasi pale Bulwa, karibu. Jifanye upo nasi kwenye benchi, watu wametoka kuchuma chai, ukungu unashuka taratibu, na sisi tunaongea.

Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho wengi wenu mnacho mfukoni bila kukijua. Ni kuchati ndani ya barua pepe. Najua utasema, "Aa, mimi barua pepe ya nini? Natumia WhatsApp tu, basi." Subiri kwanza. Kama simu yako ni Android na unapakua programu kutoka Play Store, basi una akaunti ya Google. Kwa wengi wetu akaunti hiyo ndiyo barua pepe ya Gmail. Na ndani ya Gmail mna sehemu ya kuchati. Sasa jiulize: akaunti hiyo uliifungua mwenyewe? Neno lake la siri, yaani paswedi, unalijua?

Nilipouliza hivyo pale Bulwa watu walianza kutazamana. Mmoja akasema, "Mimi nilifunguliwa na jamaa aliyeniuzia simu." Mwingine, "Mimi ya kwangu kafungua kaka." Haya. Ngoja niwasimulie kisa kimoja, halafu mtaona kwa nini nauliza.

Kuna dada mmoja wa miaka 19. Jina lake silitaji, wala kijiji chake. Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Usiku mmoja yeye na mpenzi wake walitumia kondomu, ikapasuka. Mpenzi wake hajawahi kupima virusi vya UKIMWI. Dada wa watu akarudi nyumbani akiwa hana raha. Kupiga simu hawezi, maana chumba wanalala watatu na ukuta ni wa mbao, ukikohoa tu jirani anakupa pole. Salio la kutuma ujumbe hana, ila kifurushi cha intaneti kilikuwa kimebaki kidogo.

Akamkumbuka dada yake mkubwa, anayefanya kazi ofisini Tanga mjini. Huyo barua pepe yake huwa wazi mpaka usiku. Akafungua Gmail, akaona kitone cha kijani kwenye jina la dada yake. Kitone hicho maana yake mtu yupo. Akaandika mistari mitatu. Jibu likaja pale pale: "Usilie. Kesho panda gari la kwanza ushuke Muheza, uende hospitali. Usingoje Jumatatu."

Akaenda. Na hapo, vijana, ndipo penye faida ya kitu hiki. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kwa mtu aliyekwisha kuwa hatarini. Sharti lake ni kwamba lazima uanze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyokuwa bora. Kwanza unapimwa, kisha unameza dawa kila siku kwa siku 28. Saa 72 ni siku tatu tu! Barua ya kutuma kwa dereva ingefika lini, na jibu lingerudi lini? Vile vile kuna vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Navyo vina muda wake, siku tano, na siku ya kwanza ni bora kuliko ya nne. Kwa hiyo majibu ya papo hapo yalimsaidia kweli kweli.

Sasa sikiliza upande wa pili. Baada ya wiki mbili hivi, akapata ujumbe kutoka namba asiyoijua. "Najua ulifuata nini hospitali. Nitumie shilingi 50,000 la sivyo nyumbani kwenu watajua." Kumbe kijana aliyemuuzia simu ndiye aliyemfungulia akaunti. Paswedi aliitunga yeye. Na pale Google wanapoomba namba ya kurudishia akaunti ukisahau paswedi, aliweka namba yake. Yule dada alikuwa na simu mkononi, lakini ufunguo ulikuwa kwa mtu mwingine.

Sisemi wauza simu wote ni wabaya. Wengi wanatusaidia, na wanatufungulia akaunti kwa sababu sisi wenyewe tunasema, "Fanya tu bwana, mimi sijui." Lakini tazama huyu mmoja alikotaka kumfikisha mwenzetu. Kwa hofu akaanza kuficha dawa kwenye mfuko wa unga. Akafikiri azitupe zote, ili akipekuliwa kusiwe na ushahidi. Siku aliponifuata alikuwa amebakiwa na dozi ya siku 13. Mtu alikuwa karibu kuacha kinga ya VVU kwa sababu ya paswedi!

Tutarudi kwake. Kwanza tuelewe kitu chenyewe kilivyo.

Zamani kidogo barua pepe na kuchati vilikuwa vitu viwili. Hotmail, barua pepe ya kufunguliwa kwenye tovuti, ilianza mwaka 1996. Programu ya kuchati ya Yahoo ikaja mwaka 1998, na MSN Messenger mwaka 1999. Lakini hizo programu ilibidi ziwekwe ndani ya kompyuta. Sasa kijana wa Muheza au Tanga aliyelipia nusu saa pale intaneti kafe, kompyuta si yake, ataweka programu kwa ruhusa ya nani? Kama mwenye kafe hakuiweka, basi.

Mwaka 2005 Google walileta programu yao ya kuchati, Google Talk. Februari 2006 wakaiingiza ndani ya ukurasa wa Gmail wenyewe. Yahoo nao wakaingiza ya kwao kwenye barua pepe mwaka 2007. Hapo hukuhitaji kuweka kitu chochote. Unafungua barua zako, pembeni unaona nani yupo, unamsalimia. Kwa sisi tuliotumia kompyuta za watu ilikuwa nafuu kubwa.

Majina yamebadilika tangu wakati huo. Google walileta Hangouts mwaka 2013, na hiyo ilipofungwa Novemba 2022 ikabaki Google Chat. Yahoo Messenger ilifungwa Julai 2018. Lakini mpango umebaki ule ule: barua na maongezi yako vinakaa kwenye sanduku moja, lenye ufunguo mmoja. Anayeweza kufungua barua zako anaweza kusoma na ulichomwambia dada yako usiku.

Na hapa ndipo tunapojidanganya. Tukichati tunaona kama tunaongea. Tunaandika haraka, tunacheka, tunalia, halafu tunafunga simu tukidhani maneno yamekwenda na upepo. Hayajaenda! Yameandikwa na yanatunzwa. Mwenye ufunguo anaweza kuandika neno moja, kwa mfano "kupima" au "mimba", akaletewa kila mahali ulipolitaja.

Kwa hiyo tufanyeje? Tuache kuuliza? Hapana. Kijana asiyeuliza ndiye anayenunua vidonge viwili vya rangi mbili dukani kutibu kisonono, anaona usaha umekauka, anadhani kapona, kumbe ugonjwa upo na mpenzi wake naye hajatibiwa. Uliza. Ila funga mlango kwanza. Nitakueleza hatua kwa hatua, na kama una simu hapo itoe tufanye pamoja.

Kwanza, badili paswedi leo, wewe mwenyewe, bila mtu kukuchungulia. Usiweke jina lako na mwaka wa kuzaliwa, maana hivyo kijiji kizima kinavijua. Ukishabadili, simu na kompyuta nyingine nyingi zilizokuwa zimefungua akaunti yako zitatolewa nje.

Pili, angalia namba ya simu na barua pepe za kurudishia akaunti. Kama kuna namba usiyoijua, ifute, weka yako. Wengi wanabadili paswedi wanasahau hili. Mwenye namba hiyo anaweza kuomba paswedi mpya akaingia tena.

Tatu, kwenye sehemu ya usalama ya akaunti kuna orodha ya vifaa vilivyofungua akaunti yako. Isome. Ukiona simu usiyoitambua, iondoe.

Nne, ukitumia kompyuta ya shule, ya ofisi au ya kafe, usifunge ukurasa tu ukaondoka. Toka kabisa kwenye akaunti. Kufunga ukurasa ni kama kurudishia mlango bila kupiga komeo, anayekuja baada yako anausukuma tu.

Tano, Google Chat inakuwezesha kuzima kumbukumbu za maongezi na mtu. Ukizima, maneno mnayoandikiana baada ya hapo hufutika baada ya saa 24. Ni msaada, lakini usiutegemee mno. Mwenzako anaweza kupiga picha kioo cha simu yake muda wowote.

Sita, kile kitone cha kijani. Kinamwambia dada yako kwamba upo, lakini kinawaambia na wengine. Hulazimiki kuonekana. Unaweza kuchagua uonekane kama haupo. Na mtu usiyemjua akikuomba kuchati, huna deni la kumjibu. Mzuie, endelea na kazi zako. Hasa yule anayejiita daktari, anayeanza kukuuliza dalili na kumaliza kwa kukuomba picha ya mwili wako. Daktari wa kweli atakuambia uje upimwe.

Sasa wengine mtauliza, "Na mtu akishapata siri yangu, nimekwisha?" Hujakwisha hata kidogo. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Usimlipe, maana ukilipa leo, kesho atarudi. Usifute vitisho vyake, vitunze, hivyo ndivyo ushahidi wako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na mwende pamoja polisi. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kama hujafikisha miaka 18, unaweza pia kupiga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Jingine ambalo wengi hawalijui: tangu sheria yetu ya UKIMWI iliporekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima VVU bila kibali cha mzazi. Na mhudumu wa afya anabanwa na sheria kutunza siri ya majibu yako. Kwa hiyo usiogope kwenda zahanati ukadhani habari itakutangulia nyumbani.

Turudi kwa dada yetu. Siku ile aliponifuata, jambo la kwanza hatukugusa simu. Nilimwambia ameze dawa ya siku ile, nikamletea maji. Vitisho vinaweza kungoja nusu saa, dozi haingoji. Halafu ndiyo tukakaa tukabadili paswedi, tukafuta ile namba, tukaona kwenye orodha ya vifaa kuna simu moja si yake, tukaiondoa. Ujumbe wa vitisho tukautunza. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu kumlazimisha: akamwambia mama yake mwenyewe. Alitegemea fimbo. Mama akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Hizo dawa unakula na chakula gani?" Kesho yake wakashuka wote wawili kwenda polisi.

Yule kijana alipokosa siri ya kuuza alinyamaza. Dada yetu akamaliza siku zake 28, akarudi kupima kama alivyoelekezwa. Majibu yake? Nimeona mnataka kuuliza. Majibu yake ni yake, na sitayasema hapa.

Vijana wenzangu, na wewe msomaji, tusiogope vyombo hivi. Mtu aliyeko Bulwa usiku, gari hakuna, salio hakuna, anaweza kumpata dada yake aliyeko Tanga kwa dakika moja na akaokoa afya yake. Lakini hakikisha sandukuni mwako unaingia wewe tu. Ukimaliza kusoma hapa, usigeuze ukurasa kwanza. Toa simu, badili paswedi. Kisha umsaidie na mdogo wako abadili yake, na wakati anaiandika, wewe geukia ukutani.