Thawabu ya Mtoaji Ni Watu

(Neno lililotolewa Kigobe, Bujumbura, katika kongamano la maadhimisho ya ushirika wetu)

Wewe uliyeketi nasi hapa Kigobe, na wewe utakayeyasoma haya Uvira, Bukavu, Kigoma, Kigali au Nairobi, nakusalimu. Nimepewa dakika ishirini, na mnatujua sisi wahubiri na dakika ishirini. Basi niingie moja kwa moja.

Nimeombwa niseme juu ya faida ya kutoa. Najua wengine mkisikia hivyo mnashika mifuko. Mmeshazoea kuambiwa: panda elfu kumi, utavuna milioni. Leo hamtasikia hilo kwangu. Mungu hubariki, nami ni shahidi. Lakini mtu anayetoa elfu kumi huku akiingojea milioni hajatoa kitu, amecheza bahati nasibu ndani ya kanisa. Milioni isipokuja anamkasirikia mchungaji, anahamia kanisa la jirani. Tumewaona, si ndiyo?

Fungua 1 Wafalme sura ya 17. Sisi watu wa mipakani tunapaswa kuijua sura hii kwa moyo. Kuna ukame. Kijito alichokuwa akinywa Eliya kimekauka, naye anavuka mpaka kwenda Sarepta, nchi ya Sidoni. Kwa lugha ya leo Eliya ni mkimbizi. Na Mungu hampeleki kwa tajiri. Anampeleka kwa mama mjane aliyebakiwa na konzi moja ya unga, anayeokota kuni apike mlo wa mwisho yeye na mwanawe. Mama yule akampikia mgeni kwanza. Sote tunalikumbuka pipa la unga lisilokwisha, tunalihubiri kila mwaka. Ila endelea kusoma, usifunge Biblia mapema! Mtoto wa yule mama akaugua, akafa. Siku hiyo unga ungemsaidia nini? Kilichomsaidia ni kwamba mtu wa maombi alikuwa tayari anakaa ndani ya nyumba yake, chumba cha juu. Hakuwa na haja ya kutuma mjumbe kumtafuta. Alimpokea siku ya njaa, akamkuta siku ya msiba.

Hiyo ndiyo thawabu ninayoisemea leo: watu. Hapa mtaani kwetu kuna nyumba nzuri, kuta ndefu, mlinzi getini. Sizisemi vibaya, hata ukumbi huu una ukuta. Lakini wapo wenye nyumba hizo ambao wakiugua saa nane za usiku, wa kumwita ni yule mlinzi tu. Kisha soma Matendo 9, habari za Tabitha wa Yafa, mama aliyekuwa anashona. Alipokufa, Petro aliwakuta wajane wamejaa chumbani wanalia, wanamwonyesha kanzu alizowashonea. Mali yake ilikuwa imesimama pale, ina machozi.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia, wengine wakaenda Kongo, wengine Rwanda, na wengi mno Tanzania. Tanzania ya wakati ule haikuwa nchi ya kitajiri. Iliwapa ardhi: Ulyankulu mwaka huo huo wa 1972, Katumba 1973, Mishamo 1978. Ilikuwa pori, jamani, pori lenye mbung'o. Wakafyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo, hata tumbaku, ambayo sisi walokole hatuisifii. Kufikia 1985 walikuwa wanajilisha wenyewe, na mazao yao yanauzwa masokoni Tabora na Mpanda. Mwaka 2014 Tanzania ikawapa uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao. Haya niambie, nani alifaidika? Mrundi alipata shamba na kwao. Tanzania ilipata wakulima, walipa kodi, wakwe, na walimu wa shule ya Jumapili. Kilichotolewa kama pori kilirudi kikiwa magunia.

Zamu ikageuka. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipotekwa na M23 mwezi wa kwanza, na Bukavu mwezi wa pili, ndugu zetu wa Kivu walivuka mto Rusizi kuja huku. Zaidi ya watu 60,000 kwa wiki chache. Wengine waliogelea, na wapo waliochukuliwa na maji. Uwanja wa mpira wa Rugombo ukajaa watu, baadaye wengi wakapelekwa Musenyi, kule Rutana. Nanyi mnakumbuka hali ya Burundi wakati huo: petroli ya kupangia foleni, sukari ya kutafuta kwa tochi. Pamoja na hayo, ziko nyumba za Cibitoke zilizofungua mlango na kugawa ugali na ndagala. (Ndugu wa Kigoma, ni dagaa wenu hao hao.) Sishangai. Cibitoke wapo wazee waliowahi kulala upande ule wa mto, mwaka 1972, na tena baada ya 1993. Anayejua ubaridi wa sakafu ya ugenini haulizi maswali mengi mlangoni.

Kuna jambo linanisumbua, nalisema kwa upendo. Sisi Warundi tunatwererana, Watanzania wanachangiana, Wakenya wana harambee. Ni vizuri sana, harusi na misiba yetu inasimama kwa hilo. Lakini angalia daftari la michango: yameandikwa majina ya wenye kurudisha. Umetoa laki, unasubiri laki yako siku ya binti yako. Luka 14, Bwana alimwambia mwenyeji wake awakaribishe wasioweza kulipa. Mama wa Musenyi hayumo kwenye daftari lako. Mwandike.

Tena ukimwendea, usimfanye wa kupokea tu. Eliya alimwomba mjane mkate; alimpa heshima ya kuwa mtoaji. Kule Musenyi kuna mafundi cherehani, waimbaji, walimu, waombaji wa usiku kucha. Mwombe akuombee. Mpe kitambaa akushonee, umlipe.

Basi, kikapu chetu kiko pale karibu na mlango, na kitakuwepo kila mwisho wa mwezi. Tunapokea sabuni, sufuria, madaftari ya watoto, mbegu za lengalenga, vitenge. Mama zangu, vitenge vile unavyoweza kuvaa mwenyewe Jumapili, siyo vya kudekia. Ndugu wa Uvira na Kigoma, viongozi wenu wana orodha hii hii. Gari la kwanza linaondoka Jumanne, petroli ikipatikana. Isipopatikana, tutangoja hadi Alhamisi, na nafasi mbili za kukaa bado hazina mtu.