Tumaini la Mkristo Wakati wa Ugonjwa na Kifo

(Hotuba kwa watu wa Rwamishenye, Bukoba)

Habari tutakazosema leo si ngeni kwenu. Katika nchi hii ya Bukoba na Muleba makaburi yetu mengi yamo katika vibanja vyetu wenyewe, chini ya migomba, na mtu atokapo mlangoni asubuhi huyaona. Basi hatuna haja ya kukumbushana kwamba kifo kipo. Twataka kuulizana hivi: Mkristo akiugua, au akifiwa, yampasa kufanya nini?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu wa Kagera mwaka wa 1983. Watu wakauita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa kwa magendo. Walikufa wengi, vijana kabla ya wazee, na bibi wakarudi kulea watoto wachanga. Dawa haikuwapo, lakini maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema ni uchawi. Wengine, nao walikuwa Wakristo, walisema ni adhabu ya Mungu, wakawatenga wagonjwa hata kwa vikombe vya kunywea maji. Hapo tulikosa, maana tulisahau habari za Ayubu. Rafiki zake walipomjia, walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na katika hilo walifanya vema. Walipofumbua vinywa na kuanza kumtafutia dhambi, ndipo walipoharibu, na Mungu mwenyewe aliwakasirikia.

Tena tumkumbuke Askofu Josiah Kibira, mwenyeji wa nchi yetu hii, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, tangu mwaka wa 1977 hata 1984. Mtu huyu alishikwa na ugonjwa uitwao Parkinson, ambao hutetemesha viungo na kuuondolea mwili nguvu kidogo kidogo, akafa mwaka wa 1988. Ni nani atakayesema kwamba aliugua kwa kuwa imani yake ilikuwa haba? Basi tusipime imani ya mtu kwa ugonjwa wake.

Neno la pili ni dawa. Mfalme Hezekia alipougua karibu ya kufa, aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini someni vizuri: nabii Isaya aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Sala na dawa vilikwenda pamoja, wala nabii hakuona haya.

Tangu mwaka wa 2004 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zimetolewa bure katika nchi yetu. Hata hivyo wako wagonjwa ambao, wakiisha kuombewa na kupata nguvu, huzitupa dawa wakidhani wamepona. Ndugu zetu, dawa hizo huvizuia virusi visiongezeke, lakini haviishi mwilini. Mtu akiacha kumeza, virusi huzaana tena, na ugonjwa hurudi. Bali yule amezaye kila siku, hata virusi visionekane katika kipimo, huishi miaka mingi, wala hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Basi kila amwombeaye mgonjwa amwambie pia: usiache dawa yako. Amwambiaye aache, hata akitaja jina la Mungu, amempeleka kaburini.

Neno la tatu ni maziko. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika wilaya ya Bukoba Vijijini, upande wa Maruku na Kanyangereko. Waliougua walikuwa 9, na 6 kati yao wakafa, kabla ugonjwa haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Ugonjwa huu huambukiza kwa majimaji ya mwili, na maiti huweza kuambukiza pia. Kwetu kumwosha maiti na kumgusa mara ya mwisho ni heshima kubwa, na kukatazwa ni uchungu. Lakini ufufuo hautegemei mikono iliyomwosha marehemu. Mungu atamwinua aliyezikwa na watu waliovaa mipira mikononi sawasawa na aliyezikwa na wanawe. Tuwaachie waganga kazi hiyo, nasi tusimame mbali na kusali.

Mwisho, msiwakataze wafiwa kulia. Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro, na hata hivyo alilia. Machozi hayapingani na tumaini. Sisi twaamini kwamba kifo si mwisho, na imani hiyo yapasa ionekane kwa matendo: kumtekea mgonjwa maji, kumpikia, kumsindikiza hospitali, na matanga yakiisha, kumrudia mjane. Hapo ndipo jamaa wengine huja kudai kibanja. Mwenye kuwanyang'anya yatima migomba ya baba yao, wimbo wake wa ufufuo ni bure.

Enyi walimu, wasomeeni haya wasiojua kusoma. Enyi wazee, yasimamieni. Mungu awape wagonjwa wetu faraja.