Masika Nyumbani, na Mabinti Wawili
(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



 Desturi ya mikutano yetu ni kwamba mtumishi wa serikali akisimama hapa hueleza habari za kazi yake: mafaili, bajeti na mipango. Habari hizo mtazipata kwa wenzangu. Mimi nimeomba ruhusa nizungumze juu ya nyumba, na hasa nyumba wakati wa masika, kwa sababu naamini huko ndiko elimu tuliyoipata hapa inakopimwa kweli kweli.

Naishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Masika yetu huanza Machi na kwisha Mei. Mke wangu ni muuguzi. Mabinti wetu ni wawili: mkubwa yuko darasa la nne, mdogo yuko darasa la kwanza. Sasa, vijana, fuateni hesabu hii. Mvua ikinyesha, madimbwi hujaa na mbu huzaliana. Mbu wakizidi, wagonjwa wa malaria huzidi. Wagonjwa wakizidi, zamu za muuguzi huwa nzito. Kwa hiyo katika miezi ile ile ambayo sare hazikauki, mkaa umelowa, na njia ya shule imegeuka kijito, mama wa nyumba yuko wodini usiku kucha. Anayebaki na watoto ni baba.

Baba huyo huamka saa kumi na moja alfajiri. Huwasha jiko, hukoroga uji, hupasha maji ya kuoga, kisha huzipiga pasi sare zilizolala kwenye kamba sebuleni mpaka unyevu uishe. Jioni akitoka ofisini huosha viatu vyenye tope, husimamia kazi za shule, na kabla ya watoto kulala huhakikisha kwamba vyandarua vimechomekwa vizuri chini ya godoro. Jirani yangu mmoja aliona hayo akaniuliza, "Bwana mkubwa, kazi hizi ulijifunzia wapi?" Nikamjibu, "Bwenini."

Ndugu zangu, hilo si mzaha. Nani kati yetu hakupiga deki hapa? Nani hakufua shuka zake Jumamosi, hakufyeka majani, hakuosha masufuria ya bwaloni zamu yake ilipofika? Hakuna kiranja aliyepata kutuambia kwamba hizo ni kazi za wanawake. Tulizifanya kwa miaka, na ukaguzi ulipopita tulijivunia. Nauliza basi: ni kitu gani katika cheti cha ndoa kinachofuta ujuzi huo? Aghalabu tunajificha nyuma ya methali isemayo asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kana kwamba methali hiyo imempa baba likizo.

Na tukitaja likizo, sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3. Siwalaumu waliotunga. Ila wako wanaume wanaozifanya siku zile 3 kuwa kipimo cha ubaba wote. Siku 3 ni za kumpokea mtoto. Malezi yana miaka yake.

Masika si taabu tupu. Jioni ya mvua kumbikumbi hutoka, nao mabinti huweka beseni la maji chini ya taa, wakawakusanya, nami huwakaanga kwa chumvi kidogo. Binti mdogo amepanda maharage ndani ya kopo na kila asubuhi huyapima kwa rula. Binti mkubwa yeye hupima mvua. Ameweka chombo chenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi uani, na huandika kimo cha maji katika daftari.

Kutokana na daftari hilo tulifanya hesabu pamoja. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa letu la bati limefunika mita za mraba 60. Siku moja ya Aprili alipima milimita 20. Akazidisha akapata lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Hata tukiondoa yanayomwagika nje ya mifereji, tangi hupata kitu. Katika nchi yetu anayetumwa bombani na kisimani mara nyingi ni mtoto wa kike. Kila ndoo inayotoka batini ni safari moja aliyookolewa, na muda huo anaweza kushika kitabu. Ndugu zangu wenye paa la bati na mabinti nyumbani, ifanyeni hesabu hiyo.

Sasa niseme la uzito zaidi. Katikati ya masika yaliyopita mdogo alipatwa na homa usiku wa manane, mama yake yuko kazini. Kulipopambazuka nilimpeleka zahanati, akatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Alipewa dawa mseto: dozi 6 katika siku 3. Siku ya pili jioni alikuwa tayari anaruka uani. Hapo ndipo wazazi wengi huacha, wakiona mtoto amepona, na vimelea vilivyobaki hupata nafasi ya kurudi. Dada yake aliandika saa za dawa kwenye kalenda ya ukutani na kukata mstari kila dozi ilipomezwa. Ilipokatwa ya sita ndipo tulipumua. Tangu hapo kila Jumamosi sisi watatu huzunguka ua tukimwaga maji ya makopo, vifuu na matairi. Yai la mbu huchukua kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu arukaye; anayemwaga kila wiki humkatiza njiani. Na faida ipo, kwa maana mbu wa dengi, ugonjwa uliozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika vyombo kama hivyo.

Tulipokuwa tukiosha vyombo usiku mmoja, mkubwa aliniuliza, "Baba, shuleni kwenu wasichana walikuwapo?" Nikamwambia hawakuwapo. Akauliza, "Sasa vyombo alikuwa anaosha nani?" Nikamjibu, "Sisi wenyewe." Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe mnaweza."

Vijana, mwenzenu huyo wa darasa la nne anajifunza, kwa kutazama tu, mwanamume ni mtu wa namna gani. Atakapochagua mume, atampima kwa anayoyaona jikoni kwetu leo. Atakapopewa kazi ngumu, atakumbuka kama nyumbani muda wake wa kusoma ulithaminiwa au uliliwa na ndoo na masufuria. Hilo ndilo lililo mikononi mwa baba, na halisubiri kiangazi.

Nawaombeni basi jambo moja. Mtakapomaliza kidato cha mwisho na kufunga masanduku yenu, cheti mtapewa na Mkuu wa Shule. Kufagia, kufua, kupika uji na kuamka alfajiri ondokeni navyo wenyewe. Nanyi wazee wenzangu, masika yanakuja. Tangi lioshwe na vyandarua vishonwe mapema.