Tufuge Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Haya ni maneno ambayo ekipi yetu ya tereni iliyasema kwenye mkutano wa wanachama, hapa Katindo. Wengi waliomba yaandikwe, basi tumeyaweka karibu kama tulivyoyasema.



Tulipewa muda kidogo wa kuongea juu ya samaki wa akwariamu. Tulipoingia, mama mmoja alituuliza pale mlangoni: "Sasa samaki ya ndani ya kioo itatusaidia nini, na siye tunatafuta ya kula?" Swali lake ni la haki na tutalijibu kabla ya kukaa. Lakini tuanze na deni tulilo nalo kwenu.

Mnakumbuka tulileta hapa ofisini tanki la kioo la lita 200. Wazo lilikuwa kwamba wale waliokuwa na mabwawa ya samaki huko Masisi na Rutshuru kabla ya kukimbia wajifunze upya mambo ya maji, mahali pa karibu, kabla ya kutia pesa kwenye bwawa. Nyumba tatu zikapenda wazo hilo, zikachukua mkopo kwenye sanduku la AVEC, zikatengenezesha matanki yao. Sisi tulijaza tanki la ofisi asubuhi, na mchana wa siku ileile tukatia vifaranga 30 vya tilapia, wale tunaowaita alevini. Watu walipiga makofi. Siku ya tisa walikuwa wamebaki 8. Kwa mzazi mmoja wa kartie hii, aliyefuata mfano wetu hatua kwa hatua, hakubaki hata mmoja. Mkopo ukabaki. Amelipa nusu yake kwa kuuza makala.

Yule mzazi alituambia neno moja: "Mayi iko klere kabisa, sasa samaki inakufa juu ya nini?" Mazungumzo ya leo yote ni jibu la swali hilo.

Kilichowaua

Samaki anakula, anatoa uchafu, na kwenye mashavu yake inatoka amonia. Chakula kilichobaki chini kikioza kinatoa amonia pia. Amonia haina rangi. Maji yanaweza kung'aa kama ya chupa na bado yakawa sumu.

Ziwani au bwawani kuna vijidudu, yaani bakteria, wanaofanya kazi ya usafi. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa si nyingi sana. Bakteria hao hawaelei tu ndani ya maji. Wanashika kwenye mawe, kwenye mchanga, ndani ya chujio. Tanki jipya halina hata mmoja wa kutosha. Wanahitaji wiki 4 hadi 6 kuzaliana, na kwenye baridi kama ya hapa kwetu wanaweza kuchelewa zaidi.

Sisi tuliwapa siku moja, na kosa letu lote ni hilo.

Namna ya kuanza vizuri ni hii. Jaza maji, washa pompi, tia mawe, na usitie samaki. Kila siku ya pili tupa chakula cha samaki kidogo sana, kiasi cha vidole viwili, kioze ili bakteria wapate cha kula. Pima kwa karatasi za kupimia. Utaona amonia inapanda halafu inashuka, kisha nitriti inapanda halafu inashuka. Siku ambayo zote mbili ziko sifuri, na zinabaki sifuri hata baada ya kutupa chakula, tanki liko tayari. Ukiwa na jirani mwenye tanki la zamani lenye samaki wazima, muombe mawe machache kutoka ndani ya chujio lake. Ni kama kuomba chachu ya mkate: yanafupisha safari.

Na hapa Goma Mungu ametupa kitu ambacho watu wa akwariamu kwingine wananunua dukani. Ni jiwe la volkano. Lile jiwe jepesi lenye matundu mengi, tunalolikanyaga kila siku tangu lava ya Januari 2002 na ya kabla yake, ni nyumba nzuri sana ya bakteria, kwa sababu kila tundu ni ukuta wa kushikia. Chukua yasiyo na mafuta ya gari wala uchafu wa mfereji, yavunje yawe kama ngumi ya mtoto, yasugue, yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji. Jaza ndoo yenye matundu, pitisha maji ya pompi humo. Chujio limepatikana.

Maji gani?

Katika Katindo tuna maji ya aina tatu, na kila moja lina shida yake.

Maji ya bomba, na yale yanayotiwa dawa pale yanapochotwa, yana klorini. Klorini inachoma mashavu ya samaki na inaua wale bakteria wetu. Yaweke kwenye basini pana, wazi, saa 24 au zaidi, uyakoroge mara kwa mara, ndipo uyatumie. Lakini tusikilizane vizuri hapa. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua maelfu na maelfu ya watu katika mji huu na kambi zake, na hakijawahi kutuacha moja kwa moja. Mtu asije akamwambia mtoto aache kutia dawa kwenye maji ya kunywa kwa sababu ya samaki. Bidoni ya samaki iwe mbali, ipakwe alama, na kikombe cha jikoni kisiingie kwenye tanki. Ukitoa mkono tankini, nawa kwa sabuni.

Maji ya Ziwa Kivu hayana klorini, na tilapia anayajua. Lakini pH yake inakaribia 9, yaani ni maji makali upande wa alikali. Ndani ya ziwa hilo si tatizo, kwa sababu ziwa ni kubwa. Ndani ya lita 200 ni jambo jingine. Kwenye maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inafika karibu theluthi moja. Uchafu uleule, chakula kilekile kilichozidi, kinaua haraka zaidi kwenye maji ya ziwa. Tanki letu la kwanza lilijazwa maji ya ziwa. Sasa mnaelewa zile siku tisa.

Maji ya mvua ni laini mno na hayana chumvichumvi za kutosha. Tena moshi wa Nyiragongo, ambao mara nyingi unapelekwa na upepo upande wa magharibi kuelekea Rusayo na Sake, unafanya mvua ya huko kuwa na asidi na floridi nyingi. Hapa Katindo mvua inapita pia kwenye mabati yenye vumbi. Usitumie ya dakika za kwanza, na usiitumie peke yake.

Sisi sasa tunatumia maji ya bomba yaliyolala. Muhimu kuliko aina ni kutobadilibadili. Samaki anavumilia maji yasiyo bora kuliko maji yanayogeuka kila wiki.

Hewa na baridi

Tuko karibu mita 1500 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na maji yanashika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko maji ya Mombasa yenye joto lilelile. Ukiona samaki wamepanda juu wanahema kwa midomo, hasa alfajiri, hawaombi chakula. Wanatafuta hewa. Umeme ukikatika, chukua jagi, chota maji ya tanki na uyamwage tena kutoka juu, dakika kumi, upumzike, urudie. Vijana wawili wa chama waliokoa tanki zima usiku mmoja kwa zamu namna hiyo. Pompi ndogo ya hewa inayotumia betri ya sola ni bora, ukiipata.

Tilapia anapenda nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 anakula kidogo na magonjwa yanampata kwa urahisi. Basi weka tanki mbali na mlango na dirisha la upepo, lisiwe juu ya simenti tupu, na usiku lifunikwe kwa blanketi pembeni, juu ubakize nafasi ya hewa. Siku ya baridi punguza chakula.

Kazi ya kila siku

Vifaranga 10 kwa lita 200 wanatosha kujifunzia. Wakikua lazima wahamie kwenye bwawa, kwa sababu tilapia mzima anaweza kupita sentimita 30 na dume hana adabu: anawafukuza wenzake mpaka wachoke.

Chakula mara mbili kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika 3 hadi 5. Kilichobaki kitoe. Watoto wa nyumba wanapenda kuwapa fufu na mkate kila wanapopita. Mpe mtoto mmoja kazi hiyo, awe ndiye mwenye tanki, na wengine watamlinda.

Kila wiki toa robo ya maji, urudishe yaliyolala. Usitoe yote. Mawe ya chujio yaoshe ndani ya maji yaliyotoka tankini, kamwe si chini ya bomba, la sivyo umeua bakteria wote na umerudi siku ya kwanza.

Samaki mpya asiingie moja kwa moja. Akae kwenye basini lake peke yake wiki 2 au 3, mkimtazama. Mapezi yaliyobanwa, madoa meupe kama chembe za chumvi, manyoya kama pamba, kujisugua kwenye mawe: hizo ni dalili. Kitu cha kwanza ni kupima na kubadilisha maji. Chumvi ya kupikia, gramu 2 kwa lita, ndani ya lile basini la pembeni, inasaidia katika mambo mengi. Msikimbilie antibiotiki za watu.

Kila samaki na maji yake

Kijana mmoja alituonyesha kwenye simu samaki mrefu kama nyoka, wa rangi ya zambarau, meno yanaonekana, anaitwa samaki joka. Jina lake la kitaalamu ni Gobioides broussonnetii. Aliuliza kama tunaweza kumfuga hapa. Anatoka pwani za Amerika upande wa Atlantiki, mahali mito inapokutana na bahari. Anaishi ndani ya shimo la matope, haoni vizuri, na pamoja na meno yale anakula vitu vidogo vidogo tu. Anataka maji ya chumvi kiasi na mchanga laini wa kujificha. Ukimweka kwenye maji matamu, watu watasema ni mgonjwa, nawe utatafuta dawa, kumbe amekosa maji yake.

Hata sambaza wetu ni hivyo. Aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo anatulisha. Lakini ukimchota na kumtia kwenye basini nyumbani, anakufa upesi. Ni samaki wa maji mapana, hastahimili kushikwa.

Na ombi moja: ukichoka na samaki wako, usimmwage ziwani. Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, alionekana kwa mara ya kwanza ndani ya Kivu, na sasa anagombania chakula na sambaza. Wavuvi wa Kituku hawahitaji mgeni mwingine.

Tunachoomba

Turudi kwa mama wa mlangoni. Mama, umesema kweli: tanki la lita 200 halilishi familia. Tusimdanganye mfadhili wala mwanachama. Tanki ni shule. Anayejifunza kutunza maji katika lita 200, kwa hasara ya samaki kumi, hatapoteza bwawa zima siku atakaporudi kwenye kilima chake.

Kwa hiyo tunaleta mambo mawili mbele ya komite. La kwanza: mkopo wa samaki utolewe mara mbili. Sehemu ya kwanza ni ya tanki, mawe na pompi. Sehemu ya pili, ya kununua vifaranga, itoke tu pale mtu anapoonyesha vipimo vya amonia na nitriti vikiwa sifuri. Na malipo yaanze kuhesabiwa baada ya hapo.

La pili: ile nusu ya deni iliyobaki kwa mzazi wetu. Alifuata ushauri wetu, na ushauri ulikuwa mbaya. Sisi wa ekipi tumekubaliana kuchangia kutoka mifuko yetu tuimalize, ikiwa komite itaturuhusu na yeye mwenyewe hataona haya kupokea. Tulimuuliza kabla ya kuja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mulipe, sawa. Lakini munipe na yale mawe ya ndani ya tanki yenu. Nataka kuanza tena."

Mawe tumeyafunga kwenye ndoo yenye maji, yako pale nyuma.