Vichwa Vipya vya TAZARA Vitapita Kona Zipi?

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana, Makambako)



Nimeombwa niseme juu ya mkataba wa TAZARA, ule wa miaka 30 na dola bilioni 1.4. Kila ninayekutana naye anauliza vichwa vya treni vitakuja vingapi. Mimi ni fundi wa reli, swali langu ni jingine: vitapita wapi?

Reli hii ina kilomita 1,860, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, lakini kipande kinachoiamua yote ni Mlimba mpaka hapa kwetu. Treni inatoka bonde la Kilombero inapanda Uchindile, Mpanga, mahandaki, madaraja, kona juu ya kona. Vichwa vya kwanza vya Kichina, vile vya haidroliki, mlima ulivitoa jasho. Miaka ya 1980 vikaja vya dizeli-umeme, U30C vya muundo wa General Electric, nguvu za farasi kama 3,000. Tangu hapo watu wanaamini dawa ya mlima ni nguvu tu. Si kweli.

Nguvu inataka uzito, la sivyo magurudumu yanazunguka bure. Uzito unataka ekseli sita, tatu kwenye kila bogi. Sasa ekseli tatu zilizofungwa sambamba kwenye fremu moja haziwezi zote kuifuata kona. Gurudumu la mbele, upande wa nje, linaikaba reli kwa ukingo wake. Ule mlio mnaousikia usiku, jamani, ni chuma kinaliwa. Reli inapungua ubavu, vifungo vinalegea kwenye taruma, na upana wa milimita 1,067 unaanza kutanuka kidogo kidogo.

Kona pia inavuta nyuma. Ikiwa na nusu kipenyo cha mita 200, inadai nguvu ya karibu kilo tatu kwa kila tani ya treni. Treni ya tani 1,000 ni kilo 3,000, sawa na kuongeza mwinuko wa mita tatu kila kilomita. Dereva anafungulia mafuta zaidi, na behewa tupu lililopangwa mbele, na mzigo mzito nyuma yake, linavutwa ndani ya kona kama uzi unavyonyooka ukikazwa. Wakati wa kushuka ni kinyume: akishika breki ya kichwa peke yake, mabehewa ya nyuma yanalisukuma nje. Ndiyo maana behewa tupu hukaa mkiani, na treni nzito husaidiwa na kichwa cha kusukuma kutoka nyuma.

Kwa hiyo tusishangilie rangi mpya. Tuulize: reli za kwenye kona zitapimwa ubavu kila baada ya muda gani? Zikilika, gharama ni ya mwendeshaji au itarudi kwetu walipa kodi? Grisi ya kona ina fungu lake? Na magenge ya reli, wale watu wa nyundo na koleo wanaotembea njia kwa miguu, watakuwa wangapi kati ya Mlimba na Makambako, na vijana wa hapa wamo?

Maswali hayo tumeyaandika kwenye barua kwa mbunge. Iko pale mezani kwa katibu, sahihi ziko 41. Kabla hamjaenda kwenye chai, piteni pale kwanza.