Shinikizo la Damu Halibishi Hodi



Tumezoea kuwahadharisha juu ya wezi. Leo twawahadharisha juu ya shinikizo la damu, ambalo wengi huishi nalo bila dalili hadi kiharusi kiwaangushe.

Utafiti wa vijiji 600 vya China, uliotangazwa mwaka 2021, ulihusu waliowahi kupatwa na kiharusi na wazee wenye shinikizo la damu. Waliotumia chumvi iliyopunguzwa sodiamu na kuongezwa potasiamu walipatwa na kiharusi kwa asilimia 14 pungufu. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi tununuao sokoni.

Avukaye mpaka kwa biashara achukue dawa za kumtosha safari nzima, katika pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Asiziache kwa kujiona mzima, wala asinunue vidonge vinavyouzwa barabarani. Doria yetu haiwezi kuukamata ugonjwa huu. Kipimo cha zahanati chaweza. Twendeni tukapimwe.